Kengele Iliyokwenda Roma

3 Machi 1867, Jumapili

Leo nimepigwa mara nne. Asubuhi kwa ibada, adhuhuri, jioni, na mara moja kwa sababu mbuzi wa Padri Anselmo alijinasa kwenye kamba yangu akaanza kurukaruka. Watu watatu walitoka mbio wakidhani kuna moto.

Mimi ni kengele ya kanisa la Karandá. Jina langu ni Serafina. Nilibatizwa kwa maji na mafuta matakatifu, na mama yangu wa ubatizo alikuwa mke wa hakimu, mwanamke aliyejipaka manukato mpaka padri akapiga chafya. Sina mikono, kwa hiyo msiniulize kalamu naishikaje. Kila mpigo hubaki ndani yangu na tarehe yake, basi.

Ninaning'inia kwenye kichanja cha mbao kando ya kanisa. Kutoka hapa naona njia yote mpaka kivuko cha mto, naona mashamba ya mihogo, naona wanawake na watoto na wazee wawili. Wanaume sioni. Huu ni mwaka wa tatu wako vitani kule kusini, na anayenipiga sasa ni Saturnina Ayala, mjane wa Pascual aliyekuwa mpigaji wangu kabla yake. Saturnina huvuta kamba kwa mkono mzito na mtulivu, namna anavyokamua ng'ombe. Mwanawe wa pekee, Eligio, aliondoka asubuhi moja ya ukungu, ukungu mzito hata kivuko hakikuonekana. Alisimama chini yangu akasema, "Mama, vita vikiisha nitarudi kwa miguu. Wewe piga kengele jioni, usikose hata siku moja. Nikiisikia nitajua nimefika kwetu."

"Nitakuita," alisema Saturnina. Hajakosa.

12 Machi

Joto. Mara tatu. Ramona Benítez amenitukana.

20 Machi

Mpita njia ameleta habari kwamba vijiji vya chini ya mto vimekwisha kutoa kengele zao. Zinapelekwa kwenye tanuru, zinayeyushwa, zinatoka mizinga. Wanawake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha kanisa wakimenya mihogo, kibuyu cha chai ya yerba kikizunguka mkono kwa mkono, na habari hiyo ikawakata kauli wote isipokuwa mmoja.

"Wachukue na hii," alisema Ramona. "Wanangu wawili wako kwenye mahandaki, wanapigana kwa mikuki ya mianzi. Sisi huku tunabembeleza shaba itulilie juu ya vichwa."

"Na Eligio wangu anapigana kwa nini, kwa kijiko?" Saturnina alimjibu.

"Basi mpe mzinga."

"Nimemwahidi kengele."

"Ahadi! Haya, shoga, siku adui akifika hapa mrushie ahadi."

Padri Anselmo, ambaye husikia nusu ya anachoambiwa, alisema amri ikija tutaitii, na isipokuja hatutaifuata njiani. Akarudi kulala.

Ramona sijawahi kumpenda. Ana sauti ya kukwaruza na hufika kanisani baada ya mpigo wa mwisho, makusudi, ili niaibike. Lakini leo nimemwogopa. Maisha yangu yote nimeita watu: waje kusali, waje kula harusi, waje kuzika. Sijui kumwita mtu ili afe. Upepo umenitikisa mchana kutwa na sikupata kutulia.

2 Aprili

Mvua. Mara tatu. Kamba imelowa, Saturnina ameteleza akaanguka na akasema neno ambalo padri, kwa bahati, hakulisikia.

9 Aprili

Mvua bado. Delfina amenipiga kwa chungwa.

Delfina ni binti wa Eligio, ana miaka minne. Mama yake alikufa akimzaa. Siku hiyo nilipigwa ubatizo asubuhi na msiba jioni, na mkono wa Saturnina ulikuwa uleule. Mtoto huyu hujificha chini yangu mvua ikinyesha, huinua uso na kuniita shangazi.

"Shangazi Serafina, baba anakuja leo?"

Kisha hujijibu mwenyewe kwa sauti nene, ambayo anadhani ni yangu: "Kesho."

Nampenda. Sioni haya kusema.

14 Aprili, Jumapili ya Matawi

Sajini wa kukusanya shaba yuko kijiji cha pili kutoka hapa. Ana magari mawili ya ng'ombe na kengele sita juu yake.

Baada ya misa wanawake waligombana mpaka matawi ya mitende yakatumika vibaya. Mwishowe Saturnina alipanda ngazi ya kichanja akasema kwa utulivu, "Alhamisi kengele zote zinanyamaza. Nani atauliza?"

Ndivyo ilivyo kila mwaka. Kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Jumamosi jioni kengele hazipigwi. Watoto huambiwa zimekwenda Roma kumwona Papa, na kijiji huitwa kwa kelele za kibao cha mbao. Kwa hiyo kimya changu cha siku tatu hakitamshangaza mpita njia yeyote. Wanishushe siku hizo na kunizika.

Wote walimtazama Ramona. Alitema maganda ya mbegu ya tikiti chini akaondoka bila neno. Nimejiambia: huyu atakwenda kwa sajini kabla jua halijazama. Nimemchunga njia nzima kwa macho. Amekwenda kulisha kuku.

18 Aprili, Alhamisi Kuu

Kibao cha mbao kinalia huko chini kama meno ya mzee. Nimechukizwa, lakini leo nina makubwa zaidi.

Wanawake tisa wamenishusha mchana, kwa kamba na ngozi ya ng'ombe. Wa tisa ni Ramona. Alifika amechelewa, kama kawaida yake, akasukuma watu pembeni na kushika upande mzito.

"Umebadili nia?" Saturnina alimuuliza.

"Sijabadili kitu. Naona mnavyoshika vibaya, mtaivunja miguu yenu na ninyi ndio mnaonisaidia kuvuna."

Ulimi wangu umefungwa pamba ili usigonge. Shimo limechimbwa katikati ya shamba la mihogo la Saturnina, pale palipokwisha vunwa. Delfina alitaka kujua kama Roma iko chini.

"Iko chini kidogo, halafu unakata kushoto," Ramona alimwambia.

Udongo wa kwanza ulipodondoka juu yangu nilijisikia nikilia kidogo, kwa ndani. Nadhani Saturnina naye alisikia, maana sepetu ilisimama.

21 Aprili, Pasaka

Kristo amefufuka nami niko chini.

Jumamosi jioni ndiyo saa ninayoingojea mwaka mzima, saa ya kufunguliwa na kupigwa mpaka njiwa wahame. Jana ilipita. Nilihesabu miguu ikiingia kanisani, maana udongo huchukua sauti vizuri, na nikahesabu ikitoka. Hakuna aliyecheka mlangoni.

Siachi kutapatapa moyoni. Chungu wanapita ndani yangu. Mzizi mmoja wa muhogo unanigusa ubavuni, mchana na usiku, na sina namna ya kusogea.

24 Aprili

Magari yamefika. Magurudumu yake yanalia kwa kukosa mafuta, na juu yake wenzangu sita wanagonganagongana kwa sauti za chini. Mmoja ana sauti nzuri sana.

Sajini anaitwa Cabral. Hatua zake ni nzito upande mmoja; nimesikia wanawake wakisema mkono wa kushoto wa shati lake umepigwa fundo, hauna kitu ndani. Alisimama chini ya kichanja akauliza kengele iko wapi.  Nikasikia viatu vya Ramona vikienda mbele. Nilijua mwisho wangu umefika.

"Ilikwenda Roma Alhamisi, Sajini. Haijarudi."

"Unanichezea, mama?"

"Nikuchezee una nini? Labda imemkuta Papa ana mengi ya kusema. Au labda wenzako wa wiki iliyopita waliipitia. Walikuja wanne, wana karatasi yenye muhuri, wakapakia wakaondoka. Mmoja alikuwa na chongo. Alikula kuku wangu, hakuaga."

Walipekua. Walichungulia kisimani, wakachoma fimbo kwenye marundo ya nyasi, wakaingia hata chini ya kitanda cha padri. Kisha Sajini akamwambia Ramona kwa sauti ya uchovu, "Mama, una mtoto vitani?"

"Wawili."

"Basi unaficha mzinga wao."

 Ramona alibaki amesimama pale muda mrefu baada ya magari kuondoka, na mimi niliyemdhani msaliti nikaona aibu.

27 Aprili

Mto umejaa. Magari hayawezi kuvuka. Sajini amepiga kambi kivukoni, mwendo wa kusali rozari moja tu kutoka hapa. Mpigo wangu mmoja ataupata bila kutega sikio.

29 Aprili

Delfina ana homa.

30 Aprili

Homa, na kutapika. Kuna ugonjwa umepanda kutoka kambi za vita, wanasema unamkausha mtu kwa siku mbili. Saturnina anapita juu yangu akienda kuchota maji, anarudi, anakwenda tena. Hatua zake zimekuwa za haraka na fupi. Nataka kupiga kelele na nina pamba mdomoni.

2 Mei

Delfina amefariki alfajiri.

Nitaandika yote, kwa sababu sitakuwa na siku nyingine ya kuandika kama hii.

Kwetu mtoto mdogo akifa haitwi marehemu, huitwa malaika. Huvishwa nguo nyeupe na taji la maua ya karatasi, hulazwa mezani katikati ya mishumaa, na watu huja na vinanda vya nyuzi. Mama haruhusiwi kulia, maana machozi yatalowesha mabawa na mtoto atashindwa kuruka. Na kengele hupigwa. Kwa mtu mzima ni mpigo mmoja mzito, kisha kimya cha kutosha sala, kisha mwingine, na mtu wa nje akihesabu hujua umri wa maiti. Kwa malaika ni tofauti. Ni mipigo ya haraka, myepesi, ya kuchezacheza, na haihesabiwi kamwe. Ndiyo sauti anayoifuata mtoto mpaka mlangoni. Asiyepigiwa huzunguka mashambani, haoni njia.

Saa nne hivi wanawake walikusanyika juu yangu hasa, pale shambani. Nilisikia kila neno.

"Nitapiga sufuria," Saturnina alisema. "Mungu anajua tulivyo."

"Sufuria?" Ramona alisema.

"Sajini yuko kivukoni. Tukiipiga, ataichukua. Nilimwahidi Eligio. Siku ile ya ukungu, ninyi mlikuwapo, mlisikia. Akirudi asiposikia, atajuaje?"

"Atauliza njia, ana mdomo."

"Ramona, usinifanyie mzaha leo."

"Sifanyi mzaha." Sauti ile ya kukwaruza ilishuka, ikawa sauti nisiyoijua. "Mimi ndiye niliyetaka ichukuliwe, sivyo? Nilitaka iende ikawasaidie wanangu. Nikaja nikaichimbia shimo kwa sababu yako, nikasema uongo mbele ya sajini kwa sababu yako, na tangu siku ile silali, nawaza labda nimewaua wanangu kwa mdomo wangu. Sasa unaniambia nilifanya hayo yote ili mtoto wa Eligio aende kwa sufuria? Aende kimyakimya, kama mtoto wa mbwa?"

 Upepo ulipita kwenye majani ya mihogo.

"Siwezi kuchagua," Saturnina alisema.

"Basi nipishe."

Nikasikia sepetu.

Walinichimbua kwa nusu saa. Nilipoona mwanga nilipofuka kwanza, kisha nikaona uso wa Ramona juu yangu, umejaa matope, na jasho likimtoka puani. Walisimamisha nguzo tatu, wakazifunga juu, wakaninyanyua palepale juu ya shimo. Ramona alianza kufungua pamba kwenye ulimi wangu. Saturnina akamshika mkono.

"Mimi ndiye mpigaji," alisema.

Akaitoa pamba mwenyewe, akafunga kamba fupi, akasimama. Kutoka pale tuliiona nyumba, mlango wazi, mishumaa, na nguo nyeupe mezani. Tuliona pia njia ya kivukoni. Saturnina aliitazama njia mara moja, kisha akageuka akaipa mgongo.

Sijawahi kupigwa vile. Pascual alikuwa stadi, lakini Pascual alipiga mpigo wa malaika kwa watoto wa watu. Saturnina alikuwa akitabasamu, kweli, meno yote nje, na mishipa ya shingo imemsimama, na hakutoa chozi hata moja. Wanawake walianza kupiga makofi. Mwenye kinanda akatoka nyumbani akapiga huku anatembea. Matope yaliniruka mwilini, chungu wakaniruka, na nikaimba nisijali nani ananisikia. Nilisema kwa nguvu zangu zote: huku, Delfina, huku, njoo, usipotee, shangazi niko hapa.

Sajini Cabral alifika akiwa na askari wawili kabla hatujamaliza. Alisimama ukingoni mwa shamba. Mmoja wa askari alitaka kuingia, naye akamrudisha kwa kumwekea mkono kifuani. Kisha akavua kofia. Akasubiri vile mpaka Saturnina alipoiachia kamba.

3 Mei

Mtoto amezikwa asubuhi. Baada ya mazishi Sajini amekuja na gari.

"Maji yamepungua," alimwambia Saturnina. "Jana tulikuwa tunafunga ng'ombe tuondoke. Nusu saa tu, mama, tusingesikia."

"Najua. Niliona moshi wa kambi yenu umekatika."

Sajini alimtazama. Nadhani alitaka aambiwe jambo jingine, jambo la kumpunguzia uzito, na hakuna aliyempa. Akainama kunikagua, akatia mkono wake mmoja ndani yangu, akafungua ulimi, akaupima.

"Huu ni chuma. Amri inasema shaba."

Akampa Saturnina.

Sasa niseme lililonishangaza. Siku zote nilidhani mimi ni shaba. Nilijivunia umbo langu, maandishi yangu ya Kilatini, sauti yangu. Wakaipakia shaba garini, gari likalia likaondoka, nami nikaliona likiondoka. Nilikuwa mkononi mwa Saturnina. Kumbe mimi ni ulimi: kipande cha chuma chenye urefu wa mkono wa mtoto, kimelika upande mmoja kwa miaka ya kugonga.

Ramona alilifuata gari mpaka kivukoni. Sijui alimwambia Sajini nini. Alirudi akasema tu kwamba amemwambia mzinga huo awape wanawe, kama itawezekana.

11 Mei

Saturnina ametundika jembe bovu kwenye kichanja na ananigonga juu yake. Sauti mbaya mno. Mara tatu.

30 Mei

Baridi ya kusini imeingia. Mara tatu. Ramona sasa hufika kabla ya mpigo wa kwanza, hukaa ngazini, husema, "Piga tena, shoga, hilo la mwisho lilikuwa kikohozi." Saturnina hucheka kidogo. Mihogo imeisha kuvunwa, isipokuwa mashina yanayolizunguka shimo, ambayo hakuna anayeyagusa.

24 Juni, Mtakatifu Yohana

Tangu asubuhi ukungu. Wanawake walikuwa wakipanga kuni za mioto ya sikukuu uwanjani, na Saturnina akapanda kichanja kwa sala ya jioni. Alinigonga kwenye jembe. Ka, ka, ka.

Njiani walikuwa wanapita watu wawili, mwanamke muuza chumvi na punda wake, na mwanamume ameshika kamba ya punda. Amefungwa kitambaa machoni. Alisimama, akageuza sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Si hapa," alisema. "Kwetu kuna kengele. Hicho ni chuma tu. Twende mbele, mama."

Na punda akaanza kutembea.

Saturnina hakuweza kutoa sauti. Nilihisi vidole vyake vikinibana. Kuni zilianguka uwanjani, na sauti ile ya kukwaruza, ambayo niliichukia miaka mingi, ikapasua ukungu mzima.

"Eligio Ayala! Unapita kwenu kama mtoza ushuru? Rudi hapa!"

Alirudi. Muuza chumvi alieleza kwamba mzinga ulipasuka mikononi mwao, wenzake watatu walikufa, yeye ukamchukua macho. Mzinga mpya, alisema. Wa kengele. Ramona alimshika mkono, akafungua mdomo kumuuliza kuhusu wanawe, akaufunga, akampisha mama.

Saturnina alimshika uso kwa mikono miwili, nami niko katikati, baridi, kwenye shavu lake.

"Nilikupita," Eligio alisema. "Mama, kengele iko wapi?"

"Nilikuahidi nitakuita."

"Najua. Iko wapi?"

"Nilimpigia Delfina."

Eligio aliiachia kamba ya punda. 

"Mpigo gani?" aliuliza.



"Wa malaika."

Eligio alikaa chini, palepale njiani. Baadaye aliomba apelekwe kwenye kichanja. Alipanda ngazi kwa kupapasa, akalikuta jembe, akanikuta mimi mkononi mwa mama yake, akapitisha kidole gumba pale nilipolika. Pascual alimfundisha kupiga akiwa na miaka saba, kwa hiyo aliujua upande wangu.

"Usilie, mwanangu," Saturnina alisema. "Mabawa yatalowa."

"Macho haya hayatoi tena, mama. Niache nipige."

Akanigonga kwenye jembe, haraka, kwa wepesi, mpigo wa kuchezacheza, ka-ka-ka kwenye ukungu ule, na chini wanawake wakaanza kupiga makofi, Ramona wa kwanza. Ilikuwa sauti mbaya na hakuna aliyemwomba aache. Mioto ikawashwa naye bado anapiga.

Sijui nimepigwa mara ngapi leo.